Daktari Aliyekufa Ukutani Dakika Chache Kabla Aokolewe: Risto ya Paul Carlson na Wanajeshi 320 Walioruka Congo

Kama uko Machakos saa hii, labda umekaa kwa matatu ya Nairobi ukingoja wasee wawili ijae, hebu wachana na TikTok dakika 10 hivi. Kuna risto tunataka kukupea. Ni ya daktari mmoja mpole, mwenye miwani, ambaye Desemba 1964 jarida la Time lilimweka kwa jalada. Kesi yake ilifika hadi mezani kwa Mzee Kenyatta. Na wanajeshi wa parachuti walipanda ndege kutoka Ulaya, wakazunguka nusu ya dunia, wakaruka alfajiri juu ya mji wa Waswahili wa Congo ili kumtoa yeye na wenzake.

Walifika. Yeye tayari alikuwa amededi. Na hakudedi jana yake ama wiki iliyopita, ni dakika chache tu kabla.

Jina lake ni Paul Carlson. Twende polepole, juu hii stori ina watu wengi na kila mtu ana kosa lake.

Mtoi wa California

Carlson alizaliwa Machi 31, 1928, Culver City, kule California. Wazazi wake walikuwa na asili ya Sweden na walikuwa watu wa kanisa, wale wa Jumapili hakuna kukosa. Alisoma Chicago kwa chuo cha kanisa lao kinaitwa North Park, na hapo ndipo alikutana na dem anaitwa Lois, mwanafunzi wa unesi. Baadaye akaenda Stanford, halafu akamalizia udaktari chuo kikuu cha George Washington mwaka wa 1956.

Sasa fikiria hii picha. Una digrii ya Stanford. Wewe ni daktari. Una bibi nesi, watoi wawili, Wayne na Lynette, na kliniki yako iko Redondo Beach, mji wa bahari, jua na mawimbi. Doo inaingia. Kwa mtu wa kawaida hapo maisha imefika, kilichobaki ni kulipa nyumba na kununua gari ingine.

Mwaka wa 1961 chama cha madaktari Wakristo kikatangaza kwamba Congo inahitaji madaktari wa kusaidia kwa miezi kadhaa. Carlson akaenda. Alidhani ni kazi fupi, arudi, maisha iendelee.

Hakurudi vile alienda. Mwili ulikuwa California lakini akili ilibaki msituni. Alikuwa ameona watu wanakufa kwa vitu ambavyo Redondo Beach vinatibiwa kabla ya saa ya lunch: ngiri iliyojisonga, mama aliyeshindwa kujifungua, malaria ya mtoto. Kliniki yake ikaanza kumbore. 1963 akafunga kazi, akabeba bibi na watoi, akahamia Congo kama mmishonari wa kanisa la Covenant.

Congo ilikuwa aje wakati huo?

Lazima uelewe hapa, la sivyo utaona ni stori ya mzungu mzuri na Waafrika wabaya, na haiko hivyo.

Congo ilipata uhuru kutoka kwa Ubelgiji Juni 30, 1960. Wabelgiji walikuwa wametawala hiyo nchi miaka mingi na wakachukua mpira, shaba na kila kitu, lakini siku ya uhuru nchi nzima ilikuwa na wasomi wa chuo kikuu wa kuhesabu kwa vidole vya mikono na miguu. Madaktari Wakongo waliohitimu chuo kikuu? Hakuna. Sifuri. Kwa hivyo Wabelgiji walipohepa, hospitali zilibaki na manesi na kufuli.

Januari 1961 waziri mkuu wa kwanza, Patrice Lumumba, akauawa, na Wabelgiji walikuwa na mkono hapo. Watu wa Lumumba hawakusahau. Mwaka wa 1964 Moïse Tshombe, adui mkubwa wa Lumumba, akafanywa waziri mkuu. Kwa wafuasi wa Lumumba hiyo ilikuwa kama kutemewa mate kwa uso.

Hapo ndipo Simba wanaingia. Hao walikuwa waasi wa mashariki, wengi wao vijana, wengine watoto kabisa, wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe. Jina lenyewe Simba ni Kiswahili, si lazima tukutafsirie. Walikuwa wanapakwa dawa na kuambiwa risasi ikikuja itageuka maji, bora tu wafuate masharti na wasiangalie nyuma. Usiwacheke. Hiyo dawa iliwafanya watembee wima mbele ya bunduki, na wanajeshi wa gava wakiona hivyo walikuwa wanatupa silaha na kuhepa. Agosti 5, 1964, Simba wakachukua Stanleyville, mji mkubwa wa mto Congo ambao leo tunaita Kisangani. Septemba 5 Christophe Gbenye akatangaza serikali yake hapo, na yeye rais.

Wasolo, mwisho wa barabara

Carlson alikuwa mbali na hiyo ngori yote. Alikuwa Wasolo, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hospitali ilikuwa na vitanda kama 80, na watu wa kuitegemea walikuwa kama 100,000. Daktari ni mmoja. Piga hesabu: ni kama kutoa madaktari wote Machakos Level 5, ubakishe mmoja, halafu umwambie pia yeye ndiye fundi wa jenereta.

Wenyeji walimwita Monganga Paulo. Monganga ni daktari kwa Kilingala. Ukiisikia vizuri ni ndugu ya mganga wetu, na kwa kweli kazi ilikuwa ile ile: mtu anakujia usiku wa manane akiwa amebeba mgonjwa, na wewe huwezi kusema urudi kesho.

Alikuwa anapasua asubuhi, anaona wagonjwa wa nje mchana, jioni anafundisha manesi. Wale waliofanya kazi naye walimkumbuka kama mtu asiyepandisha sauti. Si shujaa wa filamu. Ni msee wa kazi tu.

Alivuka mto, akarudi

Mwanzo wa Septemba 1964 Simba wakaanza kukaribia. Carlson akafanya kile kila baba angefanya: akampeleka Lois na watoi ng'ambo ya mto, kule Jamhuri ya Afrika ya Kati, mahali salama.

Sasa hapa ndipo swali la hii stori yote liko. Alikuwa ameshavuka. Alikuwa salama. Bibi yuko kando yake, watoto wako kando yake. Angekaa tu.

Akarudi Wasolo. Kulikuwa na wagonjwa wodini, wengine wametoka kupasuliwa, na hakukuwa na daktari mwingine wa kuwaachia. Mpango wake ulikuwa amalize nao halafu atoke. Alikuwa anaongea na Lois kwa redio ya upepo, kila siku, saa fulani. Kisha siku moja redio ikanyamaza.

Simba walimshika. Kwao alikuwa Mmarekani, na Marekani ndiyo ilikuwa inampa Tshombe ndege za vita zilizokuwa zinawapiga Simba. Wewe jiweke kwa viatu vyao kidogo. Jana ndege ya Marekani imechoma kijiji chenu, leo mnapata Mmarekani msituni ana redio. Mtaamini ni daktari? Wakampeleka Buta, baadaye wakamshusha Stanleyville, ambako kulikuwa na mateka wengine wengi: Wabelgiji, Wamarekani wa ubalozi mdogo, Wahindi, Wagiriki, masista, mapadri, wafanyabiashara na watoto wao.

Kutoka daktari hadi meja

Stanleyville ndiko mambo yalichacha. Redio ya waasi ikatangaza kwamba Carlson si daktari, ni meja wa jeshi la Marekani, jasusi. Wakasema amehukumiwa na mahakama ya kijeshi na atauawa. Siku ikatajwa. Ikasogezwa. Ikatajwa tena.

Hebu fikiria maisha ya hivyo. Unaamka unajua leo ndiyo siku. Saa zinaenda. Jioni inafika, hujauawa. Kesho unaanza upya. Wenzake waliotoka hai walisema aliendelea kuwa mtulivu, anasaidia wagonjwa kwa kile kidogo alikuwa nacho, na anafanya mzaha mdogo mdogo ili wengine wasivunjike moyo.

Na kwa nini ilisogezwa? Kwa sababu ya Nairobi. Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ulikuwa umeunda kamati maalum ya Congo Septemba 1964, na mwenyekiti wake alikuwa Jomo Kenyatta. Kenya yenyewe ilikuwa changa sana. Bado haikuwa jamhuri, hiyo ingekuja Desemba 12 mwaka huo huo, na Januari wanajeshi wa Lanet walikuwa wameasi. Lakini Mzee alikuwa ameachiwa kazi ya kupatanisha Congo nzima. Alituma ujumbe kwa Gbenye amhurumie Carlson. Na Novemba 23 akawakutanisha ana kwa ana balozi wa Marekani, William Attwood, na mjumbe wa waasi, Thomas Kanza.

Mkutano haukuzaa kitu. Waasi walitaka mapigano yasimame kwanza na jeshi la Tshombe lisimamishwe njiani. Marekani ilitaka mateka waachiliwe kwanza bila masharti. Kila mtu alishikilia yake.

Lakini kuna kitu kingine kilikuwa kinaendelea ambacho kilifanya hiyo meza ya Nairobi iwe kama ya maigizo. Wakati hao wazito wanaongea, ndege zilikuwa zimeshaingia Congo.

Vijana wa bereti nyekundu

Ubelgiji wakati huo ilikuwa na kikosi kinaitwa Paracommando. Mizizi yake ni Vita vya Pili vya Dunia, wakati Wabelgiji waliotoroka Hitler walifunzwa Uingereza kuruka na parachuti na kupigana nyuma ya adui. 1964 kikosi chao cha kwanza cha parachuti kilikuwa Diest, na shule ya kuruka iko hapo karibu, Schaffen.

Unajua mafunzo yao yako aje? Kwanza ni ardhini. Unaruka kutoka kwa jukwaa la mbao mara mia mpaka magoti yajue yenyewe kukunjika na mwili kubiringika. Mtu wa parachuti hajifunzi kuruka, kuruka hata mlevi anaweza. Anajifunza kuanguka. Halafu mnara, halafu ndege. Kuna kamba inafungwa kwa waya ndani ya ndege, ukitoka inavuta parachuti na kuifungua, huna haja ya kushika kitu. Kazi yako ni kutoka haraka, bila kusita, kwa sababu kila sekunde unayosita mlangoni, mwenzako wa nyuma anaangukia mbali na wewe, na chini mkitua mmetawanyika nyinyi ni watu wa kushikwa mmoja mmoja.

Wengi wa hao walikuwa vijana wa kutumikia jeshi kwa lazima, umri wa miaka 19 na 20. Ndiyo, rika la wale mnakutana nao People's Park Jumapili wakipiga picha. Kiongozi wao alikuwa Kanali Charles Laurent.

Novemba 17 usiku wakapandishwa ndege za C-130 za Marekani pale Kleine-Brogel bila kuambiwa wanaenda wapi. Wakapitia Uhispania, wakatua kisiwa cha Ascension, kipande cha mawe cha Waingereza katikati ya bahari ya Atlantiki. Na hapo shida ikaonekana: hawa vijana hawakuwa wamezoea kuruka kutoka C-130. Walikuwa wamefunzwa kwa ndege za aina nyingine. Kwa hivyo wakafundishwa hapo kisiwani, ndege ikiwa imesimama chini, jinsi ya kusimama, kushika kamba na kutoka mlango wa upande. Mwanafunzi wa kuendesha gari wa Machakos anapewa muda mrefu kuliko huo.

Novemba 22 wakafika kambi ya Kamina, kusini mwa Congo. Stanleyville iko kama kilomita 1,000 kutoka hapo. Jumla walikuwa wanajeshi 545, na 320 kati yao ndio wangeruka.

Saa 12 asubuhi, Novemba 24

Ndege 5 za kwanza zilifika juu ya uwanja wa Stanleyville alfajiri, saa 12. Zilipita chini sana, kama mita 200 tu kutoka ardhini. Kwa urefu huo unakuwa hewani chini ya dakika moja, na hiyo ndiyo faida: adui hana muda wa kulenga. Wale 320 wakatoka. Mbio mbio wakachukua uwanja, wakasukuma mapipa na magari ambayo Simba walikuwa wameweka kwa njia ya ndege, halafu ndege nyingine zikaanza kutua na magari na wanajeshi waliobaki.

Kwa kitabu, hiyo kazi ilikuwa safi.

Lakini mateka hawakuwa uwanjani. Walikuwa katikati ya mji, Hoteli ya Victoria, kilomita chache kutoka hapo. Na mji wote ulisikia ndege. Hapo ndipo parachuti inakuwa na shida yake: huwezi kuja kimyakimya. Tangu ndege ya kwanza isikike hadi mwanajeshi wa kwanza afike hotelini, Simba walikuwa na zaidi ya saa moja na nusu ya kuamua watafanya nini.

Waliwatoa mateka kama 250 hotelini, wanaume, wanawake na watoto, wakawapanga barabarani na kuwaambia waende. Baada ya muda mfupi wakaambiwa wakae chini, hapo hapo kwa lami. Viongozi wa Simba wakawa wanabishana. Wengine walitaka wawatumie kama ngao, wengine walitaka wawamalize. Milio ya bunduki za Wabelgiji ilikuwa inasogea, mtaa kwa mtaa. Kisha Simba wakafungua moto kwa watu walioketi.

Wengine walilala kifudifudi. Wengine wakakimbia. Carlson na wachache wakakimbilia nyumba iliyokuwa kando, yenye baraza na ukuta mfupi. Mmishonari mwenzake akaruka ukuta, akageuka, akanyosha mkono kumvuta. Carlson alikuwa ameshashika ukuta. Simba mmoja akampiga risasi akiwa hapo, na akaanguka.

Wabelgiji walifika dakika chache baadaye. Takriban mateka 20 walikuwa wamekufa ama wanakata roho, na zaidi ya 40 walikuwa na majeraha. Daktari wa Wasolo alikuwa miongoni mwa waliolala hapo. Alikuwa na miaka 36.

Mfukoni alikuwa na Agano Jipya ambalo alikuwa anaandika tarehe na maneno machache pembeni. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya jana yake, siku ile Nairobi mkutano ulikuwa unavunjika. Kando yake aliandika neno moja tu, la kuonyesha kwamba moyo wake ulikuwa umetulia.

Hesabu ya nani?

Ukisoma vitabu vya jeshi, hii operesheni iliyoitwa Dragon Rouge ni ushindi. Kwa siku mbili wageni kama 1,600 walitolewa Stanleyville kwa ndege. Novemba 26 kikosi hicho hicho kiliruka tena mji wa Paulis na kutoa mamia wengine. Wengi wa hao wangekufa, hapo hakuna mjadala.

Lakini tuongee ukweli wote, juu wewe si mtoto. Asubuhi ile ile, saa chache baadaye, safu ya jeshi la Tshombe pamoja na mamluki wazungu ikaingia Stanleyville kwa barabara. Hao hawakuja kuokoa mtu. Waliua Wakongo wengi, Simba na wasio Simba, na maduka yakaporwa. Simba nao kabla ya hapo walikuwa wameua Wakongo wenzao kwa maelfu, walimu, makarani, mtu yeyote aliyeonekana amesoma ama ana cheo. Hao wote hawakuwekwa kwa jalada la jarida lolote. Hakuna ndege iliyotoka Ulaya juu yao.

Na kulikuwa na mipango ya kuruka miji mingine miwili zaidi, Bunia na Watsa. Ikafutwa, kwa sababu kelele ya dunia ilikuwa kubwa. Wanajeshi wakarudi kwao. Mateka wengine waliobaki vijijini waliuawa katika wiki zilizofuata. Kwa hivyo ukiuliza kama walifanya vizuri kuja ama kama walifanya vibaya kuondoka mapema, utapata watu wazima bado wanagombana.

Afrika yenyewe ilikasirika vibaya. Viongozi wengi waliona Ubelgiji imerudi kwa mlango wa nyuma, na Kenyatta alikuwa na haki ya kujisikia amechezwa: yeye anapatanisha, wenzake wanapakia parachuti. Mambo yakaenda hadi Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Desemba hiyo.

Walioruka kabla yao na walioamua kutoruka

Hii kazi ya kuruka ili uokoe mtu haikuanzia Congo. Agosti 1943 ndege ya Marekani iliharibika juu ya milima ya mpaka wa India na Burma, na abiria wakaruka na parachuti kuingia msituni. Daktari wa jeshi anaitwa Don Flickinger, pamoja na wasaidizi wawili, wakaruka kuwafuata huko huko ili watibu waliovunjika. Wamarekani wanahesabu hiyo kama chimbuko la kikosi chao cha waokoaji wa parachuti, wale wanafunzwa kuruka, kupiga mbizi, kupanda milima na kutibu, vyote kwa mtu mmoja.

Na Burma si mbali na Machakos vile unadhani. Mwaka mmoja baadaye, 1944, vijana wengi wa Ukambani walikuwa huko huko Burma wakiwa na King's African Rifles. Mvua ilipokata barabara za bonde la Kabaw, chakula chao kiliangushwa na ndege, kwa parachuti. Labda babu ya mtu unayemjua alikula huo mchele.

Miaka 12 baada ya Stanleyville ikaja Entebbe, Julai 1976. Mwanzo Waisraeli nao walifikiria kuangusha wanajeshi kwa Ziwa Victoria. Wakaachana na hiyo. Waliamua kutua moja kwa moja uwanjani usiku, karibu na mateka, na kuwafikia kwa dakika chache kabla mtu ajue ni nani. Hilo ndilo pengo lililomuua Carlson: muda kati ya kusikika na kufika. Sisi hapa tuna 20 Para yetu ya Gilgil, na hilo somo hakuna kikosi cha parachuti duniani kinachoweza kulikwepa. Kuruka ni sekunde. Kumfikia mtu ndiyo kazi.

Karawa

Carlson hakurudishwa California. Alizikwa Karawa, kaskazini mwa Congo, kwa kituo cha kanisa lake, na watu waliokuwa wagonjwa wake walikuja. Kwa kaburi kuna mstari wa Biblia umeandikwa kwa Kilingala, lugha yao, sio yake. Lois aliandika kitabu kuhusu maisha yake, na hadi leo kuna shirika lenye jina lake linalosaidia hospitali za kaskazini mwa Congo.

Sasa rudi kwa ule mto. Watu wengi wakisikia hii stori wanauliza kwa nini Wabelgiji hawakufika mapema, ama kwa nini Nairobi haikukubaliana, ama kwa nini Simba alifyatua. Ni maswali ya haki. Lakini hayo yote yaliamuliwa na watu wenye bunduki na vyeo. Kuna jambo moja tu ambalo Carlson mwenyewe aliamua, na aliliamua akiwa salama, tumbo limeshiba, watoi wake wamemshika mkono: kurudi kwa wagonjwa ambao hawangewahi kumlipa.

Wale wagonjwa wa Wasolo walikuwa nani? Majina yao hayako kwa jarida lolote. Kulikuwa na mtu ana nyuzi tumboni, labda mama na mtoto wa siku tatu. Kuna wale walipona, wakazaa, na wajukuu wao sahii wako Congo wanatafuta mtandao kama wewe. Hao ndio Carlson aliwafikia kwa wakati.